Risasi Haikupenya

Kila asubuhi, kabla ya chai, Kidomo alimsaidia baba yake kukaza mikanda ya fulana ya kuzuia risasi. Baba alikuwa mlinzi wa ghala la dawa. Fulana ilikuwa nzito, na kila jioni ilirudi imelowa jasho. Kidomo, binti wa miaka kumi na miwili mwenye mdomo usiopumzika, aliona baba anajitesa bure. Katika filamu alizopenda kutazama, stelingi, yule shujaa mkuu, hupigwa risasi tano kifuani, hujipangusa vumbi, kisha huwakimbiza maadui juu ya mapaa.

Jumanne moja majambazi walivamia ghala. Risasi ilimpata baba ubavuni, fulana ikaizuia. Wenzake walimrudisha nyumbani akijikongoja huku ameshika ukuta. Hospitali alikataa. "Haikupenya," alisema, "nitapona tu."

Siku tatu alilala kwenye kochi, akikohoa kidogo kidogo, uso umekunjamana. Kidomo alimtazama juu mpaka chini.

"Si haikupenya? Sasa unalia nini?"

"Inauma, mwanangu."

"Stelingi halii! Darasani nimewaambia baba yangu anadeka, hataki kazi."

"Wewe, funga huo mdomo!" mama alifoka kutoka jikoni. Lakini maneno yalikuwa yameshamwingia baba. Kesho yake alivaa sare, akaikaza fulana mwenyewe juu ya ubavu ule ule, akaondoka bila kuaga. Saa nne jirani alifika shuleni mbio: baba ameanguka getini kazini, hawezi kupumua.

Hospitalini Kidomo aliona doa la rangi nyeusi na buluu ubavuni mwa baba, kubwa kuliko sahani, na mpira uliochomekwa kutoa hewa kifuani. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika, na mmoja ulikuwa umetoboa pafu.

"Nani alimruhusu mtu huyu kwenda kazini?" daktari aliuliza kwa ukali.

"Mimi," Kidomo alisema akilia. Akaeleza yote, hata habari za stelingi.

Daktari aliguna kwa dharau. "Huyo! Kafungiwa kifuko cha rangi nyekundu ndani ya shati, kikapasuliwa kwa waya. Hajapigwa hata kofi. Akimaliza kuanguka anapelekewa kiti na soda baridi. Upuuzi mtupu! Fulana inazuia risasi isiingie, lakini pigo lake haliendi popote. Linabaki mwilini, kama umepigwa nyundo."

Kidomo alipiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Nami nilikosea kushindana na picha za kuigiza."

Jumatatu, Kidomo alisimama mbele ya darasa akakiri kwamba alimsingizia baba yake. Wengine walicheka. Hakukaa mpaka alipomaliza.

Baada ya wiki mbili baba aliruhusiwa kurudi nyumbani. Daktari alimsindikiza hadi mlangoni, kisha akamgeukia Kidomo.

"Mtu akikwambia anaumwa, muulize wapi, umlete hapa. Usimpime kwa mtu anayelipwa kuanguka."