Kola Isiyopigwa Pasi

"Usikitoe! Nimesema subiri!" Mkuu alifoka kupitia redio ndogo ya sikioni.

Sindano alisaga meno. Jasusi mzima, bastola ya Beretta kiunoni, siku ya tisa anapiga pasi nguo za watu kwenye duka la dobi. Mashati matatu ameshayaunguza.

Koti jeusi lilikuwa mbele yake. Mlanguzi wa siri anayemvizia alilileta asubuhi kwa sharti moja: lipigwe pasi lote, isipokuwa kola. Mjinga yule! Dobi gani asiyeanza na kola? Sindano alikuwa ameipapasa, akakuta kibati chembamba kilichoshonewa ndani.

Alikisogezea kisomeo chake cha mfukoni: majina ya majasusi thelathini na mmoja.

La kumi na nne lilikuwa la mdogo wake wa kike, aliye kazini ugenini. Saa kumi yanauzwa.

"Mdogo wangu yumo humu, Mkuu!"

"Najua. Lakini kibati kisipofika, mnunuzi atatoweka. Nimemwinda miaka miwili. Subiri."

Subiri, subiri! Mkuu huyu hata suruali yake ikishika moto ataunda kamati kwanza. Sindano alizima redio kwa hasira, akampigia mtaalamu wa maabara.

"Nakifutaje bila kukivunja?"

"Majina yameandikwa kwa vifundo vya sumaku, vidogo mno. Joto huvisukuma. Pasha ncha moja, nyingine iwe baridi. Vitahama mpaka ukingoni, vipotee."

"Nina pasi na kitambaa cha maji baridi."

"Taratibu. Kola ikiungua, watashtuka."

Dirishani, mlanguzi alikuwa anavuka barabara.

Sindano alibana ncha moja kwa kitambaa, akaegemeza pasi kwenye nyingine. Nguo ya nne, Mungu wangu, isiwe hii.

"We mwanaume!" Mama Dobi, mwenye duka, alipiga kelele. "Si mteja kasema kola isiguswe?"

"Samahani, mama."

Mlanguzi aliingia, akashika kola. "Mbona ya moto?"

"Koti zima la moto, bosi. Limetoka kwenye pasi sasa hivi."

Akalipapasa tena, akaondoka nalo.

Saa kumi na robo Sindano aliwasha redio.

"Wote wawili mbaroni!" Mkuu alisema. "Lakini kibati kitupu! Nilikuambia nini?"

"Nisikitoe. Sikukitoa."

Mama Dobi alikuwa ameshika kiuno. "Kazi huna. Mashati matatu, na sasa hunisikii. Toka!"

Sindano alitundika aproni. Simu ilitikisika: *Mzima, kaka? Huku shwari.*

Aliisoma mara mbili, macho yakamchoma.

*Mzima,* akajibu. *Nimefukuzwa kazi.*

Akatoka, mikono mfukoni.