Stempu Zilizofika Zimelowa

Balaa nyingine huvunja mlango. Nyingine huagizwa kwa simu, tena kwa furaha, na mwenyewe akasaini kuipokea.

Msusi mmoja alikuwa na mume dereva wa lori, mtoto wa mama hasa. Mama huyo aliikataa simu katakata, akitaka barua za kushikika, ingawa macho yalishafifia na kusoma alisomewa. Basi kabla ya kila safari mume aliandika, na mkewe ndiye wa kutuma. Lakini msusi alikuwa na donge. Siku ya harusi, mbele za watu, mama mkwe alimwita mvivu. Kwa hiyo barua hazikutumwa: mara foleni ya posta, mara stempu zimekwisha.

"Stempu tu?" mume akacheka, akaagiza karatasi nzima ya stempu mtandaoni.

Zilipofika, msusi alizigusa nyuma, akarudisha mkono. Gundi ilikuwa imelowa, vuguvugu, kana kwamba kuna ulimi ulioshapita hapo.

"Mvua hiyo," mume akasema. Mvua ilikuwa na wiki tatu haijaonekana.

Mume alibandika, akasafiri. Msusi akaifukia barua saluni, ndani ya gunia la rasta za kusukia. Ya pili vilevile, hadi zikafika tisa. "Nimetuma, mume wangu." Na uso mkavu!

Adhuhuri moja alikuwa akimsuka jirani yake, muuza maziwa, gunia likalia: gong!

"Shoga, una panya?"

"Panya tu. Tulia."

Gong! Kama muhuri wa posta. Harufu ya gundi mbichi ikajaa chumba. Jirani akainua kioo ajitazame, akamwona msusi nyuma yake.

"Shoga," akanong'ona, "shavuni una nini?"

Lilikuwa duara jeusi la wino, na tarehe katikati. Msusi aliijua: siku aliyofukia barua ya kwanza. Akasugua kwa sabuni, akasugua kwa mafuta ya taa, na kadiri alivyosugua ndivyo gunia lilivyogonga, na kila lilipogonga duara jingine lilichomoza, kwenye paji, kidevuni, shingoni, hadi yakatimia tisa, na jirani, ambaye tangu azaliwe hajalala na siri ya mtu, alikuwa ameshafika barabarani, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama.

Msusi akakimbilia kwa mganga. Mganga alimnusa, akashusha sauti. "Huyu jini hanywi damu, mwanangu. Hufuata kazi iliyoachwa, akaifanya yeye. Akinogewa, hukaa mahali pa mwenyewe."

"Nifanyeje, babu?"

"Nenda kwa mama mkwe. Useme ulichofanya, kwa mdomo wako."

"Nitafia aibu hapo mlangoni."

"Ndiyo dawa yenyewe. Nyingine sina."

Msusi akazifukua barua. Bahasha zote tisa zilikuwa wazi, tupu. Akaenda nazo hivyohivyo, mtandio umemfunika hadi puani.

"Hodi, mama."

Mama mkwe alitokea akipapasa ukuta. "Karibu. Nani mwenzangu?"

"Mimi mkweo. Nimekuja kukuomba radhi, mama. Barua za mwanao nilizificha. Zote."

Mama mkwe akacheka hadi akashika mbavu. "Usinitanie, mwanangu. Haijanipita hata moja. Mkwe wangu huzileta mwenyewe, akanisomea, akanisuka na nywele. Mimi ndiye niliyemkosea siku ya harusi. Nimemwomba radhi juzi, tukalia wote wawili."

Msusi akazibana bahasha tupu kifuani. Radhi aliyoingojea miaka yote ilikuwa imepokewa na mwingine.

"Nani huyo, mama?" sauti ikauliza kutoka ndani. Ilikuwa sauti ya msusi mwenyewe, na kikohozi chake kidogo kilekile.

"Mgeni. Ati yeye ndiye wewe!"

"Mwambie asubiri nje. Mume wangu yuko njiani kunichukua."

Barabarani, honi ya lori ikalia. Mlango wa lori ukafunguliwa, na hatua anazozijua zikaanza kuja. Msusi alitaka kugeuka, amwite mumewe kabla hajaingia. Akaukumbuka uso wake mwenyewe, mihuri tisa, kila tarehe inasomeka. Akavuta mtandio, akainama, akampisha apite.