Mikono Minne, Kichwa Kimoja

Jumamosi ile Marlon aliingia dukani kwa Bwana Iqbal kama mtu aliyekuja kununua kitu cha aibu. Kofia kaivuta hadi kwenye nyusi, mkoba kaukumbatia kifuani, na ndani ya mkoba mlikuwa na mwanasesere. Duka lilifurika. Ungedhani Barabara ya Stapleton nzima imeishiwa mafuta ya nywele siku moja: wasichana wakichambua rasta, kina mama wakijaribu mawigi mbele ya kioo, redio ikipiga kelele juu ya wote.

"Nikusaidie nini, mpenzi?" Bwana Iqbal aliuliza. Mjini Bristol muuza duka humwita kila mtu mpenzi, hata dereva wa basi mwenye mabega mapana kama mlango.

"Nataka mafuta ya nywele za mtoto," Marlon alinong'ona. "Na chanuo. Halafu... unionyeshe namna ya kuchana." Akamtoa mwanasesere, kichwa tu.

Bwana Iqbal alicheka hadi akashika kaunta. Marlon alinyoa kipara tangu ana miaka kumi na minane. Watu walimwona mweusi wakadhani elimu ya nywele alizaliwa nayo, kumbe mama yake alipokuwa akiwasuka dada zake, yeye alikuwa nje na mpira.

"Umeanza kucheza na wanasesere siku hizi?"

Sauti hiyo angeijua hata usingizini. Gemma alisimama nyuma yake, koti la manjano, buti zimelowa mvua, nywele zake nyekundu kazifunga ovyo kwa penseli. Kifuani alimbeba Talia, binti yao wa miezi kumi na moja, kwenye mbeleko. Moyo wa Marlon uliruka, kisha ukakumbuka: Gemma alikuwa amepata kazi ya kusimamia maktaba kule Newcastle, mwendo wa saa tano kwa treni, na Jumanne alipaswa kuwajibu. Tangu watengane, Talia alikaa kwa baba Jumapili jioni hadi Jumatano, siku zilizobaki kwa mama. Akienda huko, Marlon angemwona mwanawe mara moja kwa mwezi, akibahatika.

Alimbusu mtoto, akamvua kofia ya sufu. Nywele za kisogoni zilikuwa zimekatika, zilizobaki zimekauka.

"Gemma, kichwa gani hiki? Kwangu alitoka safi!"

"Safi? Kila Jumatano unaniletea mtoto ana nywele kama katani!"

"Mimi? Wewe ndiye..."

"Zinaoshwa kupita kiasi," Bwana Iqbal alidakia. "Mara moja kwa wiki inatosha, wapenzi wangu."

"Umesikia?" wakasema wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

Duka likatulia. Hata mwenye wigi aligeuka.

"Endelea basi," Gemma alisema, macho yamelowa. "Waambie watu. Si ndicho unachotaka? Wacheke, nawe ucheke nao."

Akatoka. Kila mtu alimtazama Marlon, na Marlon akamtazama mwanasesere.

Alijua kicheko kinachosemwa. Siku ya ubatizo, sahani za wali wa maharagwe zikiwa magotini, Shangazi Pearl alimwinua Talia juu mbele ya ukoo mzima akauliza, "Nani kamchana mtoto huyu, upepo?" Watu walivunjika mbavu. Gemma aliyekuwa ameamka alfajiri kumpamba mtoto alimtafuta mumewe mtarajiwa kwa macho, akamkuta anacheka. Miezi miwili baadaye alihama.

Mchana kutwa Marlon hakutulia. Alitembea hadi bandarini akarudi, akanunua chai akaiacha, akampigia Gemma mara saba. Hakupokea. Saa kumi na moja simu yake ikalia.

"Nijibu bila kujitetea," Gemma alisema. "Unamwosha Talia nywele lini?"

"Jumapili, akishafika."

"Basi?"

"Na Jumatano, kabla sijamrudisha."

Marlon aliitazama simu.

"Gem? Upo?"

"Mimi namwosha Jumatano akifika," alisema polepole. "Na Jumapili kabla hujamchukua."

Marlon alihesabu kwa vidole. "Mara nne!"

"Mara nne. Maskini mwanangu, tumemfua kama taulo. Hiyo yako ya Jumatano ilikuwa ya nini?"

"Usije ukasema sijui kumtunza. Na yako?"

"Hiyo hiyo."

Wapiganapo fahali wawili nyasi huumia, na nyasi zenyewe zilikuwa kichwani kwa Talia. Gemma alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na Marlon akawa ameshavaa koti.

"Nakuja. Naleta mafuta."

"Mwanasesere mwache huko."

Sebuleni kwa Gemma maboksi yalikuwa yamepangwa hadi dirishani. Marlon aliyapita bila kuyatazama. Walikaa sakafuni, Talia amelala mapajani mwa mama yake. Walinyunyiza maji, wakagawa nywele mafungu, wakachambua mafundo kwa vidole vyenye mafuta, kuanzia nchani, wakisokota taratibu. Yeye upande wa kushoto, Gemma wa kulia. Mikono yao iligongana utosini, hakuna aliyeuondoa wake.

"Siku ile nilicheka kwa woga," Marlon alisema. "Shangazi angeniuliza mimi ningejibu nini? Nilikuwa sijui kitu, nikakuachia aibu yote peke yako. Nisamehe, Gem. Inaniuma mpaka leo."

"Nilikuwa na wewe tu pale, Marlon. Chumba kizima, wewe tu."

"Najua." Akasokota fungu jingine. "Usiende Newcastle."

"Kwa ajili ya Talia?"

"Talia ni mwanangu, hata ukimpeleka mwezini nitamfuata. Nakwambia wewe. Nyumba imekuwa kubwa, nalala upande wangu wa kitanda kama mjinga, nikikubakizia wako. Nakupenda, sijui niseme vipi zaidi."

Gemma aliinamisha uso. "Nimeshawajibu. Jana. Nimewaambia nakuja."

Vidole vya Marlon vilisimama. Alitazama maboksi, sasa yote, moja baada ya jingine.

"Basi tunahama," alisema.

"Nani na nani?"

"Sisi. Nitaacha kazi. Nioe... yaani, nikuoe. Ukinikubali."

"Hata baridi ya huko huijui!"

"Nitavaa kofia."

Gemma alifungua mdomo, lakini Talia aliamka. Upande mmoja umesokotwa vizuri, upande wa pili umesimama wima, alijipindua akatambaa kwa kasi, kopo la mafuta mkononi.

"Ndiyo," Gemma alisema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, Marlon! Mshike mwanao, anapaka ukuta!"