Pigo la Sita

Jioni ile nilitumwa kukagua kinasa namba sitini na moja. Kazi ndogo. Vinasa ni vikopo vyenye mwiba. Tunavichomeka ardhini kwa mstari, tunagonga bamba la chuma kwa nyundo, na mtikisiko unaorudi kutoka kwenye mwamba unatuchorea shaba iko wapi. Kila kituo tunagonga mara tano.

Mara tano. Nilihesabu mwenyewe.

Lakini kwa siku kumi na moja, katika nyika hii ya Ulytau, kompyuta ilikuwa ikinasa mapigo sita.

"Kelele tu. Futa," Mhandisi Kuanysh aliniambia siku ya kwanza. Nikafuta. Mimi mwenye shahada, niliyemcheka mpishi wetu kwa kukaanga mikate saba ya kuwakumbuka marehemu kila Ijumaa, nilifuta kila siku kama karani mjinga.

Mchana huo niliyarudisha yote, nikapima. Pigo la sita lilitoka chini. Siku ya kwanza, mita mia nne. Juzi, sitini.

Jana, tisa.

Na mtambo wa kuchoronga ulikuwa umesimamishwa papo hapo, kwenye kinasa sitini na moja. Fundi wake ni kaka yangu, Yerasyl. Ilibaki sahihi yangu tu kwenye ramani ili aanze kuchoronga.

"Tia sahihi, binti. Giza linaingia," alisema Kuanysh.

"Sitii. Chini kuna kitu... kinapanda."

"Kinapanda." Akamgeukia kaka. "Umemsikia? Miaka mitano chuoni, karudi na mashetani."

Yerasyl alinong'ona, "Babu alisema wafungwa walichimba hapa. Shimo likafukiwa wakiwa ndani."

"Babu yako si ndiye aliyesema farasi wake anaongea?"

Kuanysh akaichukua nyundo. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Akaiweka chini, akatutazama kwa dharau.

Upepo ulikatika. Harufu ya udongo mbichi ikapanda...

Bamba likaruka.

Lilipotua, katikati yake palikuwa na nundu. Limegongwa kutoka chini.

"Baridi," Kuanysh alisema. "Chuma hujikunja kwa baridi." Kisha akatia sahihi mwenyewe, kwenye nafasi yenye jina langu. Mtu aliyeogopa kuonekana ameogopa.

Nilimsihi kaka usiku kucha. Asubuhi akawasha mtambo.

Mita ya pili, keekee ya mtambo ilizama ghafla kwenye uwazi. Yerasyl akazima, akaivuta juu, akapiga magoti kwenye mdomo wa tundu. Hakuna aliyeshika nyundo. Kwenye skrini yangu mapigo yaliendelea, moja baada ya jingine, bila kupumzika.

Kuanysh alitazama skrini mara moja tu. Alikuwa wa kwanza kufika kwenye gari, akaondoka peke yake.

"Kaka, toka hapo."

Aliinua mkono ninyamaze. Sikio lake lilikuwa limegusa udongo.

"Ngoja, dada," alinong'ona. "Wanauliza sasa ni mwaka gani."