Pete Isiyo na Kipimo

Kila Jumamosi, vyombo vikishaoshwa na sakafu ikishapigwa deki, Chiriku alitandaza ramani juu ya meza ya kulia. Jina hilo alilipata kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika, na mdomo huohuo ndio uliomfanya awe msimulizi wa mchezo. Aliwaeleza wenzake mapango na mazimwi, wao wakasema watafanya nini, kisha dadu ikarushwa kuamua kama wameweza. Kila shujaa alikuwa na alama kumi za uhai. Zikiisha, kwaheri, umetoka mchezoni.

Wachezaji walikuwa Miwani, jirani wa mlango wa pili, na mapacha wa fundi viatu. Zamani alikuwapo na mwingine, mama yake Chiriku. Shujaa wake aliitwa Bi Ngao, na kete yake ilikuwa kifungo chekundu cha shati. Siku mama alipopelekwa hospitali ya mbali, Bi Ngao alikuwa pangoni, amebakiwa na alama moja tu.

"Usinitoe hapo," mama alisema huku akifunga begi. "Nitarudi tumalize."

Sasa mwezi wa pili ulikuwa unayoyoma. Lo, Chiriku alimkumbuka mama yake kupita kiasi! Kila alipokitazama kile kifungo, machozi yalimlengalenga. Basi Jumamosi moja akabuni pete ya uponyaji. Ukiivaa, alama zote kumi zinarudi papo hapo, mara yoyote utakayo. Bi Ngao akawa wa kwanza kupona.

Mwanzoni wenzake walishangilia. Lakini zimwi likiuma, pete. Wakitumbukia shimoni, pete. Jumamosi ya tatu mapacha walipiga miayo kwa zamu.

"Sasa tunaogopa nini?" Miwani aliuliza. "Ipunguze nguvu, Chiriku. Mchezo umechacha."

"Iguseni hiyo pete mwone! Msimulizi ni mimi. Hamtaki, mlango ule pale."

Wakaufuata mlango. Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Je, mama akirudi watamaliza mchezo na nani?

Shangazi yake, muuguzi aliyekuwa akikaa naye tangu mama aondoke, alirudi kutoka kazini akamkuta ameinamia ramani.

"Makubwa! Leo chiriku wetu kanyamaza? Kuna nini, mwanangu?"

Chiriku akaeleza yote, kilio kikamtoka. "Nilitaka Bi Ngao apone tu, shangazi."

Shangazi akavuta kiti. "Unataka mama apone leo leo, sivyo?"

"Hata sasa hivi."

"Hata mimi. Lakini kule wodini kila dawa ina kipimo chake na saa yake. Nikimnywesha mgonjwa chupa nzima kwa kuwa nampenda, nitamdhuru. Tunampa kidogo, tunakaa naye, tunangoja."

Chiriku akapangusa macho, akachukua kalamu. Pete sasa itarudisha alama tatu tu, mara moja kila Jumamosi, na lazima mwenzako mmoja aache zamu yake akae kando ya majeruhi. Kisha akafanya lililomuuma zaidi: akamrudisha Bi Ngao kwenye alama moja. Halafu akaenda kugonga mlango wa Miwani.

"Nimekosa, jamani," alisema. "Naombeni mrudi."

"Alaa! Kumbe unajua na kuomba radhi?" Miwani alicheka, akaenda kuwaita mapacha.

Jumamosi ilipofika, zimwi lilinguruma na wote wakaruka vitini. Chiriku alikuwa amewaeleza sheria mpya ya pete, lakini hakuomba chochote. Miwani ndiye aliyeuliza, "Nani atakaa na Bi Ngao?"

"Mimi!" mapacha wakajibu kwa pamoja, nusura wagombane.

Jioni hiyo mama alipiga simu. "Bi Ngao ana ngapi?"

"Nne, mama."

"Nne! Na mimi leo nimetembea mwenyewe mpaka dirishani. Mwambie asichoke kunisubiri."

Simu ilipokatika, Shangazi alimshika bega. "Umeona, mwanangu? Hata kitu kizuri kina kipimo chake. Uponyaji huja kidogo kidogo, na wakati unangoja, usiwafukuze wanaokubali kungoja nawe."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Akakiacha kifungo chekundu palepale pangoni, akaanza kuhesabu siku hadi Jumamosi.