Mababu wa Kununua

Kipara aliidaka treni ikiwa imeshaanza kuondoka.

Alining'inia mlangoni, goti likalia kama bawaba kavu, akajivuta ndani. Umri wa kustaafu ulishampita. Idara ya usalama ilisahau kumwambia.

Kifaa cha sikioni kikakoroma.

"Umepanda?" Mkuu wake.

"Nimepanda."

"Behewa la nne. Mwanamke, mkoba wa bluu. Amebeba diski yenye picha za vitabu vya zamani vya vizazi na ndoa. Akiifikisha, majina yote yanaingia mtandaoni, watu watafute koo zao. Ila humo kuna majasusi wa nje wamepachikwa kama wajukuu wa watu wa hapa. Wakishapata babu, wanapata pasipoti."

"Kawapachika yeye?"

"Picha zote kapiga yeye. Mtie pingu. Usimsikilize."

Kipara aligusa bastola yake ya Glock chini ya koti. Siku hizi ilikuwa nzito.

Mwanamke alikuwa anatafuna karanga, kompyuta mapajani, mkoba miguuni. Mbele yake alikaa mwanamume wa tai: msimamizi wa mradi, anayesindikiza diski.

Kipara alipaswa kusimama na kutoa amri. Goti likakataa. Akakaa.

"Dada, mpigapicha ni wewe?"

"Ni mimi. Mbona unahema hivyo, umefukuzwa na nyuki?"

Akamwonyesha kitambulisho. Akamweleza shitaka.

Karanga zikaishia njiani.

"Mimi? Nina mama kitandani, hana mwingine. Nifungwe kwa picha?"

"Mimi sina la kusema," msimamizi akadakia. "Kamera ni yake."

Mwanamke hakubishana. Alifungua picha, ukurasa baada ya ukurasa, wino uliofifia, mume, mke, watoto. Akasimama kwenye mmoja.

"Huu si wangu."

"Wote husema hivyo, dada."

"Kaka, hebu tazama tundu."

Ukurasa ulikuwa umeliwa na wadudu, kama zilivyo kurasa nyingine.

"Kabla sijabonyeza kamera, naweka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa. Tundu linatoka jeusi. Nisipoweka, maandishi ya ukurasa wa chini yanachungulia, na wanaonakili majina wanayachanganya. Mtoto wa huyu anakuwa wa yule. Zangu hizi: jeusi, jeusi, jeusi. Na hii?"

Ndani ya tundu palichungulia kipande cha jina la mtu mwingine.

"Mtu kachomoa karatasi tupu ya mwisho wa kitabu, kaandika ukoo wake wa uongo, kaipachika katikati, kapiga picha mbio mbio. Huyo kazi ya kamera hajawahi kuifanya."

"Ufunguo wa chumba cha vitabu anao nani mwingine?"

Wote wawili waligeukia kiti cha mbele.

Kitupu.

Mkoba wenye diski nao haupo.

Kipara alimkuta mwisho wa behewa, mlango wazi, mkoba kifuani. Treni ilikuwa inapunguza mwendo kwenye kona.

"Bosi, usiruke."

"Utanipiga risasi, mzee?"

"Hapana. Ila ukiruka itabidi nami niruke. Nakuomba, kiutu uzima."

Msimamizi akacheka. Akainama kuruka.

Kipara akavuta breki ya dharura.

Magurudumu yalipiga kelele. Msimamizi aliruka kweli, ila upande wa ndani, akatua kifudifudi juu ya tai yake.

Pingu.

"Mkuu, tayari."

"Mwanamke yuko wapi?"

"Kamaliza karanga. Mmekosea mtu."

Stesheni iliyofuata Kipara alimkabidhi msimamizi kwa polisi, akaenda zake bila kuaga. Dirisha likafunguliwa nyuma yake.

"Kaka! Babu yako anaitwa nani? Nikutafutie?"

Alilitamka jina bila kugeuka.

Msimamizi alifungwa kwa kuwauzia majasusi mababu. Majasusi wawili walikamatwa uwanja wa ndege. Wengine hawakuonekana tena. Karatasi ya uongo iko kwenye kabati la ushahidi. Mpigapicha alirudi kwenye kamera yake, na mama yake bado analalamika uji umepoa. Mkuu alipandishwa cheo.

Kipara alistaafu. Babu yake alipatikana vitabuni, pamoja na wake wawili na watoto ambao hakuna aliyewahi kumtajia. Mpigapicha alimtumia ukurasa kwenye simu.

Hajaufungua.