Sufuria Iliyogeuza Maziwa ya Nuru

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, Danieli na Nuru. Nilizaliwa Masieda, kule Mbulu, kwenye familia ya wakulima, nikaolewa Balangdalalu, Hanang, kwa watu wa ng'ombe. Haya ninayowasimulia yalitokea jikoni kwangu mwenyewe, mchana kweupe, na aliyeniletea alikuwa amekaa kwenye kiti changu akinywa chai yangu. Wasomaji wenzangu, sijui hata nianzie wapi... Lakini nisipoyasema yatanikaa kooni mpaka nife.

Nianze na mama mkwe wangu. Najua wengi mkisikia mama mkwe mnajiandaa kwa vita. Mimi sikukuta vita. Bibi, kama tulivyomwita sote pale nyumbani, alikuwa mtani wangu. Alinicheka kwamba mtu wa Mbulu anajua viazi na maharage tu, maziwa ni somo lililomshinda. Nami nikamjibu kwamba mtu anayeshinda na kulala kwa maziwa hawezi kunifundisha kupika. Tunacheka, siku inaenda.

Maziwa yalikuwa kazi yake, hakuna aliyegusa. Aliyagandisha kwenye vibuyu, na kila kibuyu alikifukiza kwanza. Anachukua kijiti chenye kaa la moto, anakiingiza ndani ya kibuyu, anasugua taratibu mpaka moshi ushike. Harufu ile ndiyo maziwa yenyewe kwa watu wa huku. Mwanangu wa mwisho, Nuru, aliyekuwa na miaka minne, hakukubali maziwa ya mtu mwingine yeyote. Hata yangu aliyasukuma!

Basi, msimu ule vibuyu vya Bibi vikapasuka, kilichobaki kikawa kinavuja. Sufuria zangu za bati nazo zilikuwa zimechoka, zimebonyea hadi mifuniko haikai. Nikaanza kutamani sufuria za stenlesi. Nani asiyezitamani? Zinang'aa, hazishiki kutu, unapikia mpaka unamrithisha mwanao. Tatizo ni kwamba zile nzito za dukani hazikuwa za watu kama sisi, tunaosubiri mavuno ndipo tununue hata kiberiti.

Hapo ndipo anapoingia Magreti.

Magreti alikuwa shoga yangu tangu Masieda. Tulichota maji pamoja, tulipata kipaimara pamoja, na siku ya harusi yangu ndiye aliyenisimamia kanisani. Yeye naye akaolewa huku huku Hanang, akawa anauza vyombo minadani. Kina mama wa kwetu tulikuwa na mchezo wa vyombo, tunachanga fedha na kumnunulia kila mmoja kwa zamu. Zamu yako ikifika, wenzako wanakuja kwako wamebeba vyombo vichwani, wanaimba, vigelegele mpaka ng'ombe wanashtuka. Mwenyekiti alikuwa Magreti, na aliyekwenda kununua alikuwa Magreti. Nani angemhoji?

Zamu yangu ilipokaribia nilimwambia waziwazi. Nataka stenlesi ya bei ambayo mtu wa kawaida anaiweza, lakini iwe stenlesi kweli, maana nyumbani kwangu kuna mtoto mdogo na kuna mzee. Akanishika bega.

"Mama Danieli, mimi nikudanganye wewe? Hii haiogopi chumvi, haiogopi ndimu, haiogopi moto. Pikia, gandishia, fanya unalotaka."

Haiogopi moto! Bibi alikuwa amekaa pale pembeni, alisikia kila neno. Mlishike hilo, nitalirudia.

Sufuria zilifika kwa ngoma na nderemo. Mume wangu, Baba Danieli, alinyanyua moja, akaipimapima mkononi, akasema mbona nyepesi hivi. Magreti akamcheka mbele za watu. Akamwambia, "Shemeji, nzito ni za zamani hizo." Watu wote wakacheka. Mume wangu akaiweka chini.

Ile kubwa kuliko zote nikampa Bibi, iwe ya maziwa. Hakutegemea kabisa. Alijiangalia uso kwenye ubavu wa sufuria, akafunika mdomo kwa kanga, akacheka kama msichana. Kati ya wazee wenzake wote pale kijijini, yeye ndiye wa kwanza kuwa na kitu kama kile. Akawaita waje waione. Nilijiona mkwe bora Hanang nzima!

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Halafu paka akaacha kunywa.

Ndiyo, paka. Bibi alikuwa na paka wake aliyekuwa akipewa maziwa kila asubuhi. Siku hiyo alinusa kibakuli, akarudi nyuma, akaenda kukaa mlangoni. Tukasema ameshiba panya. Baada ya hapo nikaona maziwa yana rangi nisiyoielewa, weupe ulioingiwa na kijivu. Nikasema ni kivuli cha jiko. Nikaonja. Ladha ilikuwa kama mtu amelamba kufuli. Nikamuuliza Bibi, naye akasema labda ng'ombe wamekula majani mabaya upande wa mabondeni. Mimi mtu wa viazi, ningembishia nini kuhusu maziwa?

Nuru akaanza kushika tumbo.

Kwanza alitapika akacheza, akatapika akacheza. Kisha akawa anatapika bila kucheza. Uso ukasinyaa, macho yakawa makubwa kuliko uso wenyewe. Tukampa dawa ya minyoo, haikusaidia. Majirani wakaanza kupunguza kuja kwetu. Nikipita kisimani, mazungumzo yanakatika... Mnajua ukimya wa namna ile? Kuna mtu anataka kusema neno baya na anasubiri mwingine alianze.

Aliyelianza alikuwa shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, anayeishi Basotu. Alikuja, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Akakaa na mume wangu nje ya boma. Niliyasikia yote nikiwa jikoni. Alisema tangu mwanamke huyu alete vyombo vyake humu ndani, maziwa yameharibika na mtoto anakwisha. Alisema hajui nimeweka nini, ila Nuru akipona apelekwe Basotu, alelewe kwake, na mimi nikitaka kurudi Mbulu njia ninaijua.

Mume wangu hakusema ndiyo. Lakini hakusema hapana! Mwanangu anakufa, na hata akipona si wangu tena?

Tukampeleka Nuru hospitali mjini. Akatundikiwa maji, akaanza kupata nafuu, akaomba uji. Nililia kwa furaha. Siku iliyofuata mume wangu akaja na chupa ya chai, ndani yake maziwa ya mgando. Bibi kayatuma. Alisema mjukuu wake hawezi kupona kwa uji wa watu. Nuru aliposikia ni ya Bibi, akanywa mpaka akalamba kikombe.

Jioni ile akatapika kuliko siku zote.

Daktari akaja, akamwangalia, akanigeukia mimi. Akauliza kala nini. Nikasema maziwa tu, ya nyumbani. Akauliza yanakaa kwenye nini. Nikasema sufuria, tena stenlesi mpya. Akanitazama kidogo, akasema nikailete hiyo sufuria tuione pamoja, na mtoto asipewe tone lingine.

Asubuhi nikamwachia mume wangu mtoto, nikapanda gari nikarudi Balangdalalu. Niliingia uani kimya kimya, sijui kwa nini. Nikamkuta Bibi ameinama jikoni. Sufuria ameilaza mapajani, mkononi ana kijiti chenye kaa jekundu, anasugua ndani. Taratibu, kwa upendo, kama alivyosugua vibuyu maisha yake yote. Alikuwa akiandaa maziwa mengine ya Nuru.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nafukiza," akasema, akishangaa swali. "Maziwa bila moshi mtoto hanywi. Si rafiki yako alisema hii haiogopi moto?"

Nikaichukua. Nje ilikuwa inang'aa kama siku ya nderemo. Ndani, mng'aro umebanduka kama ganda la kitunguu, chini yake bati jeusi lenye madoa, linaacha unga ukilipitishia kidole. Kila siku kaa la moto linakwangua, kila siku maziwa machachu yanalala mle yanakula kilichobaki. Na kila siku mwanangu anakunywa!

Daktari alipoiona hakuchukua muda. Alisema hiyo si stenlesi, ni bati la ovyo lililopakwa rangi ya kung'aa, halifai hata kwa maji, sembuse maziwa machachu. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliinamisha kichwa. Baadaye alimpigia simu kaka yake Basotu, akamwambia mtoto hatoki mikononi mwa mama yake. Nuru alibaki wangu.

Mimi nikaifunga ile sufuria kwenye kitenge, nikaenda kwa Magreti.

Hakuwepo uani. Kuku walikuwepo. Walikuwa wanakunywa maji kwenye sufuria zinazofanana na zangu, mfuniko mmoja umewekewa pumba. Jikoni, kwenye moto, palikuwa na sufuria nzito, ya zamani, imeshika masizi, inachemsha maharage ya watoto wake. Nilisimama pale nikiitazama. Chai ngapi nilikunywa nyumba hii, nisione?

Akatoka, akaona kitenge, akajua. Nikamweleza yote. Unajua alinijibu nini? Alisema, "Wewe ulitaka za bei nafuu, nikakuletea za bei nafuu. Nilikwambia uisugue na moto?"

"Ulisema haiogopi moto, Magreti. Ulisema gandishia. Na ulijua kuna mtoto."

Akatazama kuku wake. Mimi sijaingia tena nyumba ile.

Ningependa niishie hapo. Haikuishia hapo.

Tulipomweleza Bibi, aliitazama mikono yake. Kisha akauliza jambo moja, "Kwa hiyo ni mkono wangu?" Nikapiga magoti. Nikamwambia hapana Bibi, sufuria ya kweli isingeogopa kaa, aliyetudanganya ni mwingine. Mume wangu akamwambia hivyo hivyo. Shemeji akaja kutoka Basotu, akaniomba msamaha mbele ya mama yake. Lakini nilimwona Bibi machoni, hakutuamini.

Ndipo tukagundua la pili. Bibi mwenyewe alikuwa anaumwa tumbo tangu mwanzo. Aliyanywa maziwa yale kuliko sisi sote, akatapikia nyuma ya zizi asionwe. Kwa nini hakusema? Alimwambia mume wangu kwamba aliogopa nikisikia, nitadhani anaikataa zawadi yangu.

Hakuonja maziwa tena. Alifariki kabla ya mahindi kukauka. Daktari hakusema ni sufuria, alisema mwili wake ulikuwa umechoka. Mimi sina elimu ya kubishana naye. Ila najua aliyeniita mtu wa viazi hayupo, na nyumba ina ukimya ambao sijauzoea!

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi. Kutaka kitu cha bei nafuu si kosa, wengi wetu hatuna njia nyingine. Lakini msinunue mng'aro. Inyanyue uone uzito. Ikwangue chini na ncha ya kisu, na muuzaji akikataa, mwachie mali yake. Ichemshie maji ya ndimu kabla hujampikia mtoto, uyamwage, uangalie ndani. Mume akisema ni nyepesi, msikilizeni, msimcheke. Na huyo muuzaji, hata awe amekusimamia kanisani, mwulize watoto wake wanapikiwa na ipi. Kisha nenda jikoni kwake ukaangalie.

Nuru sasa anasoma shule. Ana afya, anakimbia, anapiga kelele. Nimenunua kibuyu na ninakifukiza mwenyewe, nimejifunza. Lakini kila nikimpa kikombe, ananusa kwanza. Ananusa, ananitazama usoni, ndipo anakunywa. Na kikombe chenyewe kimetoka mkononi mwangu mimi, mama yake.